Chokoleti ya peremende ya Krismasi: niliikataa miaka minne, leo napika trei tatu

Dada wa Theluji (Columbus, Ohio)

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu salama.

Mwaka wangu wa kwanza Marekani, Desemba, nafanya kazi nyumba ya kulelea wazee, naingia chumba cha kupumzikia nakuta mezani kopo la bati, ndani vipande vya chokoleti vilivyovunjika ovyo, chini vyeusi juu vyeupe, halafu vimenyunyiziwa vitu vyekundu vyekundu kama vigae vya sahani ya maua iliyodondoka. Nikasema hawa watu bwana, hata chokoleti ikivunjika wanaileta kazini. Nikatupia kimoja mdomoni nikatafuna. Wakuu. Mwanzo chokoleti, sawa, halafu ikaja baridi ikapanda mpaka puani, nikajua hapa nimelishwa dawa ya meno. Nilienda kutema chooni ili mtu asinione.

Kitu chenyewe kinaitwa peppermint bark. Bark ndiyo gome la mti, maana ukishavunja kwa mkono vinatoka vipande visivyo na umbo kama gome lililobanduliwa, kwa hiyo humu nitaita gome tuelewane. Huku ni kitu cha Krismasi kabisa, ikifika Januari hukioni tena ila kwenye kapu la bei ya kutupa. Kampuni ya Williams-Sonoma inaliuza kwenye kopo la bati tangu 1998 na wao ndio wamelipaisha, kopo lao la ratili moja ni dola thelathini na kitu, hela ya mboga ya wiki hiyo. Mpaka siku yake lina, tarehe 1 Desemba.

Basi miaka minne nikawa nalikwepa. Likiletwa nasema asante nimeshiba.

Aliyenibadilisha ni bibi mmoja wa pale kazini, miaka 91, mdogo kama kuku wa kienyeji lakini mdomo anao. Alitaka kipande, nikamuuliza nesi kwanza, nesi akasema mpe, sukari yake iko sawa. Nikampa. Akakiweka juu ya ulimi akafumba macho akakaa kimya, mimi nimesimama na kikombe cha maji nasubiri atafune nimpe, hatafuni. Dakika nzima. Nikaingiwa na wasiwasi nikamuita, akafungua jicho moja akaniambia wewe ukila hii unatafuna eh? Nikasema ndiyo. Akasema ndiyo maana.

Siku hiyo nilichukua kimoja nikajibanza kwenye chumba cha mashuka nikaweka ulimini nikatulia. Jamani ni kitu kingine. Chokoleti nyeupe inalegea kwanza, tamu ya maziwa, halafu ile nyeusi inafuata na uchungu wake, baridi ya peremende inakuja taratibu katikati yao kama mtu amefungua dirisha chumba chenye jiko. Mwisho unabaki na vile vipipi vyekundu, hivyo sasa ndiyo unatafuna, kra kra kra. Ukitafuna tangu mwanzo vyote vinakuja kwa mpigo unabaki na Colgate.

Tangu hapo napika mwenyewe. Leo trei tatu: moja kazini, moja kanisani, moja ya wanangu ambao wameshaanza kunusa nusa jikoni. Wangapi humu mmeshaonja? Na nyie mlikimbia kama mimi?

---

Fundi Bomba (Mbagala)

Uzi bila picha dada, tutajuaje kama hujatuuzia chai?

---

Kachumbari254

Wueh nimecheka hiyo ya kutema chooni 😂😂 Mimi nilionja hapa Nairobi, boss alirudi na kopo kutoka States, nikamwambia hii si ni ile pipi ya Patco imepakwa chokoleti? Akanuna siku mbili. But honestly bana kipande cha tatu nilianza kuelewa.

---

Bint Mwera (Maskati)

Shoga miye naipenda sana, hapa madukani huziona Desemba. Suali langu, nanaa ninayo tele barazani, ile tunayotia kwenye chai. Siwezi kuitia hiyo badala ya kununua mafuta? Nanaa si nanaa tu?

---

Dada wa Theluji

@Bint Mwera hapana mpenzi usijaribu, nimeshajaribu nikalia. Majani yana maji na chokoleti haitaki maji hata tone, kijiko kikiwa na unyevu tu inashikana inakuwa bonge kama ugali wa dona uliokosa mwiko. Halafu nanaa ya chai mara nyingi siyo peremende yenyewe, peremende ni chotara la nanaa ya kawaida na nanaa ya majini, ile baridi kali ndiyo inayo yenyewe, nanaa ya chai ina harufu nzuri lakini haipozi mdomo hivyo. Nunua mafuta ya peremende ya kulia chakula (siyo ya kuchua mgongo tafadhali). Arki pia inaweza ila nyingi ina kilevi na maji, ukizidisha unarudi kwenye ugali.

@Fundi Bomba picha kesho, simu ya kijana ndiyo ina kamera nzuri na kijana amelala.

---

Profesa wa Kijiweni

Nadandia hapo kwenye baridi. Wakuu hiyo baridi siyo baridi. Upime na kipimajoto, mdomo uko vilevile nyuzi 37. Mentholi iliyomo kwenye peremende inakwenda kugusa kipokezi cha kwenye neva, kinaitwa TRPM8, kazi yake ni kutoa taarifa ubongoni kwamba kuna baridi, sasa mentholi inakibonyeza bila baridi kuwepo, ubongo unadanganywa mchana kweupe. David Julius na Ardem Patapoutian walikitambua kwa kutumia hiyo hiyo mentholi, kila mtu maabara yake, na 2021 wakapewa Nobeli ya tiba kwa kazi yao ya vipokezi vya joto na mguso. Kwa hiyo ukinyonya pipi kifua jua unacheza na mambo ya Nobeli.

Na siri ya bibi wa 91 ni hii: siagi ya kokoa inayeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, chini kidogo tu ya joto la mwili. Ndiyo maana inakaa ngumu mezani kule kwa wazungu lakini ulimini inakubali. Bibi alikuwa anafanya fizikia.

---

Mlokole Mpole

Mbarikiwe. Niongeze tu kwamba zile pipi nyekundu zinazopondwa juu yake, zile zenye umbo la bakora, zilitengenezwa na mwimbishaji kwaya wa Cologne Ujerumani mwaka 1670 awape watoto watulie kanisani. Ukiigeuza ni J ya Yesu, nyekundu ni damu. Tusisahau maana ya sikukuu.

---

Profesa wa Kijiweni

Mtumishi naheshimu imani ila hiyo ya 1670 ni hadithi, hakuna andiko la zamani linaloithibitisha. Na zamani zilikuwa nyeupe tupu bila mstari, mistari myekundu imeingia karne ya 20 inaanza, kwa hiyo damu imewekwa baadaye. Lakini usife moyo, kanisa limo kwa mlango mwingine: kule Albany, Georgia kulikuwa na mzee Bob McCormack, alianza kiwanda cha pipi 1919, bakora zikawa zinapindwa kwa mkono na nyingi zinavunjika. Shemeji yake alikuwa padri Mkatoliki, Gregory Keller, huyo padri ndiye akabuni mashine ya kuzipinda, miaka ya 1950. Padri na mashine ya pipi. Hiyo ndiyo historia.

---

Dada wa Theluji

Hahaha yaani padri kahangaika zisivunjike, mimi nanunua boksi zima nazipiga na mchi.

Halafu huyo bibi wangu anatoka Wooster, hapa hapa Ohio, mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka kwangu. Wao wana lao: kuna mhamiaji Mjerumani August Imgard, 1847 alipamba mti wa Krismasi pale mjini na inasemekana aliutundika bakora za pipi, mpaka leo wanamkumbuka. Ukimgusia bibi habari za Cologne anakwambia Cologne ni marashi.

---

Mnyakyusa Halisi (Kyela)

Mmeongea nanaa mmeongea pipi, kokoa hamna hata mmoja aliyeitaja kwa heshima. Mimi nimezaliwa chini ya mkokoa. Utotoni tulikuwa tunapasua tunda, tunafyonza ule utando mweupe, mtamu una uchachu fulani, mbegu tunatema kwenye ndoo maana ukizitafuna mbichi ni chungu balaa. Mzee anazivundika siku tano sita, anazianika, nyumba nzima inanuka kama siki, gari linakuja linabeba, basi. Chokoleti yenyewe nimekuja kuila nina miaka 22 niko chuo, tena nikaambiwa hii ni ya nje. Ya nje wapi wakati mbegu zimeota nyuma ya choo chetu.

Siku hizi afadhali. 2024 bei ilivyopaa, soko la New York tani ilipita dola 12,000 mwezi Desemba, hata huku watu walipaua nyumba. Na kuna hawa Kokoa Kamili wa Mbingu, Kilombero, mbegu zao zinakwenda mpaka San Francisco kwa watengenezaji wadogo wa chokoleti kama Dandelion. Kwa hiyo dada usishangae hilo gome lako la chini limetoka Morogoro.

Hiyo nyeupe sasa, mnieleze, hiyo ni chokoleti au ni blubendi yenye sukari?

---

Dada wa Theluji

@Mnyakyusa Halisi mkuu nimekusoma mara mbili, hiyo ya nyuma ya choo imenichoma.

Nyeupe ni chokoleti kama ina siagi ya kokoa, haina tu ule unga mweusi. Huku sheria inasema isipungue asilimia 20 ya siagi ya kokoa ndiyo iitwe white chocolate. Sasa zipo zinazofanana nazo, za mafuta ya mbegu za mawese, bei nusu, nazo hazisemi uongo, soma karatasi utaona hazijaandika neno chokoleti popote. Ukitumia hiyo gome linakuwa kama mshumaa, linabaki kwenye kaakaa unalisugua na ulimi halitoki. Mimi ninapobania hela nabania kwenye pipi, nyeupe sibanii.

---

Kachumbari254

Sasa tupe recipe tuache siasa ya kokoa 😅

---

Dada wa Theluji

Haya. Chokoleti nyeusi gramu 340, nyeupe gramu 340, bakora kama nane, mafuta ya peremende matone sita mpaka nane (siyo kijiko! mwaka wa kwanza niliweka kijiko, watoto wakatoka machozi). Trei itandike karatasi ya kuokea. Bakora tia kwenye mfuko wa plastiki funga taulo, piga na mchi, lakini piga kama unamkanya mtoto siyo kama unaua nyoka, unataka vigae vidogo siyo unga. Pitisha kwenye chekecheo, unga weka pembeni, vigae ndiyo vya juu.

Chokoleti nyeusi ikatekate, theluthi mbili weka kwenye bakuli kavu juu ya sufuria yenye maji moto kidogo tu chini, maji yasiguse bakuli na mvuke usirukie ndani. Ikiyeyuka toa, ndiyo unaongeza ile theluthi iliyobaki na kukoroga, koroga, koroga mpaka ipoe, ukigusa na mdomo wa chini isikuunguze wala isikupashe. Hii hatua wengi wanaruka. Ukiruka gome linatoka na madoa meupe kama mba na halikati kwa mlio. Tia nusu ya mafuta ya peremende, mwaga, tandaza.

Sasa hapa ndipo mtihani ulipo. Ya chini ikiwa majimaji ukamwaga nyeupe, zinachanganyika unapata rangi ya tope. Ukiiacha kwenye friji mpaka ikawa jiwe, inasinyaa na kutoa jasho, ukimwaga nyeupe juu haishiki, siku ya kuvunja ghorofa ya juu inakwenda kwake na ya chini kwake, ndoa imevunjika. Kwenye friji dakika kumi tu. Gusa na kidole: ikiacha alama hafifu bila kukipaka kidole, ndiyo penyewe. Nyeupe uwe umeshaiyeyusha moto mdogo sana, hiyo inaungua haraka kuliko maziwa, iwe vuguvugu, mafuta yaliyobaki ndani, mwaga, tandaza chapuchapu, nyunyiza vigae hapo hapo kabla haijakauka, bonyeza kidogo na kiganja. Acha igande, vunja kwa mikono. Usikate na kisu, ukikata siyo gome tena ni vigae vya bafuni.

Unga wa pipi uliobaki tia kwenye kahawa au kakao ya moto, asante utanipa baadaye.

---

Fundi Bomba (Mbagala)

Dada hapa Mbagala leo nyuzi 33 na fridge inategemea umeme upo. Bakora za pipi nimeulizia maduka matatu nimeambiwa nenda Masaki. Nimepata chokoleti ya kupikia nyeusi na nyeupe Kariakoo, na mafuta ya peremende kwa mama mmoja anayeuza vifaa vya keki. Badala ya bakora nikiweka pipi kifua?

---

Bint Mwera (Maskati)

Pipi kifua tena jamani 😭

---

Dada wa Theluji

@Fundi Bomba inawezekana ila pipi kifua ina mentholi yake tayari, kwa hiyo kwenye chokoleti usitie mafuta kabisa, au tone moja tu. Rangi utakosa. Na jasho la Dar pipi zinanata, sukari inavuta unyevu wa hewani, ukishanyunyiza irudi kwenye friji, ikiganda tu funga kwenye chombo chenye mfuniko unaobana. Mtu akitaka kula ndiyo inatolewa kwenye friji, haikai mezani kama kashata.

---

Profesa wa Kijiweni

Jambo dogo la lugha: peremende yenyewe ni neno peppermint lililotembea mpaka likafika pwani. Lilipofika likapanuka, ikawa pipi yoyote, hata ya ndizi utasikia mtu anaiita peremende. Kwa hiyo Fundi Bomba akiweka pipi kifua kwenye peppermint bark analirudisha neno kwao.

---

Kachumbari254

Prof wewe huna kazi ya kufanya kweli? 😂 Nakupenda lakini.

---

Mnyakyusa Halisi (Kyela)

Fundi nakuunga mkono, weka pipi kifua. Ikishindikana nitakula mimi.

---

Fundi Bomba (Mbagala)

MREJESHO wakuu. Jana usiku nimefanya. Umeme ulikatika dakika ya nane ya zile kumi za friji, nikaona hapa hapa, nikagusa na kidole ikaacha alama hafifu kama dada alivyosema, nikamwaga nyeupe kwa mwanga wa simu. Wife ananishikia tochi anauliza kwani umefukuzwa kazi? Nikanyunyiza pipi kifua niliyoiponda kwenye kinu cha vitunguu, nilikiosha lakini nadhani sikukiosha sana, kuna kipande kimoja kina asili ya saumu.

Ila zimeshikana! Ghorofa zote mbili zimetulia. Asubuhi umeme umerudi nimevunja, mlio wake mzuri kweli. Watoto wamemaliza robo trei kabla ya kwenda kwa bibi yao, mdogo kasema baba hii inapuliza.

Mama yangu mzazi nikampelekea vipande vinne kwenye kontena la barafu, nikamwambia mama usitafune, weka ulimini. Akaweka. Kimya. Nikaona anafumba macho kama bibi wa Ohio, nikasema Mungu mkubwa. Akafungua macho akaniuliza, hii ni dawa ya kikohozi ya wapi? Nikasema siyo dawa mama ni chokoleti ya Krismasi. Akasema haya, mbona kifua kimefunguka.

---

Mlokole Mpole

Ushuhuda huo.

---

Bint Mwera (Maskati)

Nimecheka mpaka mume wangu kaja kuniangalia. Fundi picha basi!

---

Dada wa Theluji

Jamani Fundi 😂😂 nimemsomea bibi wa 91, nimemtafsiria yote. Kaniuliza hicho kinu cha vitunguu unauza bei gani. Mama kapenda lakini? Vile vingine vitatu kala?

---

Fundi Bomba (Mbagala)

Kapenda sana, ndiyo tatizo dada. Kimoja kala tena pale pale. Viwili kasema ni vya usiku kikohozi kikimsumbua, nikamwambia mama rudisha kwenye friji, akasema sawa. Nimeondoka. Saa kumi jioni dada yangu ananipigia, mama alivifunga kwenye pindo la khanga akaenda navyo kwenye kikao cha vikoba. Khanga mpya ile, ya send-off ya binti yetu. Pindo zima kahawia na nyeupe, na wanawake wa vikoba wanamnusa wanauliza mama leo umejipaka nini, tununue na sisi.